Machela Iliyopaa Rwakihazi

Jumanne asubuhi Keinembabazi alikuwa akipalilia viazi kwenye tuta la tatu kutoka kileleni aliposikia pembe ya chama cha machela, kilichobeba wagonjwa wa kijiji. Akaacha jembe, akateremka. Kobusheshe, mke wa jirani yake Turyahikayo, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili, mwendo wa saa nne. Barabara ilikuwa imeahidiwa tu. Kwa hiyo kila nyumba ya Rwakihazi ilikuwa kwenye chama, na asiyeitikia pembe alitozwa mtungi mzima wa uji wa mtama, ukanywewa na wenzake huku yeye akitazama.

Wanaume wanne walimwinua Kobusheshe. Alikuwa mzito kama mtu yeyote. Majirani walivyozidi kushika machela ndivyo alivyopungua uzito, kama ilivyo kawaida. Walipofika ishirini, alikuwa kama kapu la manyoya.

"Nani hayupo?" aliuliza Keinembabazi, mkuu wa chama.

"Bafaki."

Bafaki na Turyahikayo walikuwa hawasalimiani kwa mwaka wa sita, kwa sababu ya hatua mbili za mpaka wa shamba.

"Huyo mwacheni na kiburi chake," alisema Turyahikayo.

"Hebu nyamaza!" Keinembabazi alimkemea. "Anayezaa ni wewe?"

Bafaki akatokea migombani, miguu imejaa matope. Alimpita Turyahikayo bila kumtazama. "Sijaja kwako," alisema. "Nimekuja kwa mgonjwa." Akashika.

Machela ikapanda. Ilipita mabega, ikapita vichwa, ikaenda kusimama juu ya migomba. Wakaishika kwa kamba, wakaenda nayo kama watu wanaorudisha ng'ombe nyumbani. Kwenye kinamasi, pale daraja lilipokuwa limeanguka, walivuka maji yakiwafika kifuani, na Kobusheshe akapita juu yao, mkavu.

Keinembabazi aliinua macho. Ukungu ulikuwa umefunguka na jua lilipenya kwenye matete ya machela. Alikuwa amebeba wagonjwa miaka arobaini na kuiona ikipaa mara tatu. Kila mara alisahau kwamba ana miguu.

Kisha mtoto akalia, huko huko juu.

"Ni msichana!" alipaza sauti Kobusheshe. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti ndogo, "Jamani, damu."

Tone likamwangukia Bafaki kwenye kofia. Alikuwa wa kwanza kukimbia. Saa nne zikawa moja na nusu, na muuguzi akawahi kuizuia damu.

Mwezi uliofuata alikuja ofisa wa wilaya, Bwana Tumwebaze, kwa miguu, viatu mkononi, kuchunguza kama kijiji kinastahili barabara. Aliomba kuiona machela. Wakamlaza, wakashika wote, akapanda. Alikaa huko juu muda mrefu akitazama vilima. Aliposhushwa, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mukaka," alimwambia Keinembabazi kwa heshima ya bibi, "nimezunguka wilaya nzima. Sijaona watu walioshikana hivi."

"Asante, ssebo," alijibu Keinembabazi, naye akimwita bwana kwa heshima. "Na barabara?"

"Barabara?" Alimshangaa kwa dhati. "Ya nini tena?"

Taarifa yake iliiweka Rwakihazi ya kwanza kwa umoja. Barabara ilipelekwa bonde la pili, ambako watu hawabebani. Turyahikayo aliisoma barua ya wilaya mbele ya chama, na Keinembabazi akamwomba airudie, polepole. Bafaki alimshika mtoto ili Turyahikayo aikunje barua vizuri.

Mwaka ule vijana saba walikwenda Kampala kutafuta kazi, kisha wengine watano. Kila walipoondoka, kimo cha kupaa kwa machela kilipungua kidogo. Mvua zilipoanza ilikuwa ikifika usawa wa kifua. Mgonjwa wa kwanza wa msimu alivuka kinamasi mgongo ukiwa umelowa, nao wakamwambia ajitahidi kuinua kichwa.