Njia ya Sainte-Marie

Kaka yangu Ishmael alikuwa anatoroka kwenda mahali, nami niliogopa kumuuliza. Ilikuwa Agosti 2021, na kwa amri ya korona, hapa mtaani kwetu Merrylands hatukuruhusiwa kupita kilomita tano kutoka nyumbani. Kazi yangu ni kuogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza. Kama angeniletea korona, ningewapelekea wao.

Nilimsikia mwenyewe akimwambia rafiki yake Ndikumana kwenye simu, "Kesho naingia Sainte-Marie. Njia imetulia kabisa, hakuna mtu."

Ndikumana ni Mrundi. Anakaa St Marys, mtaa ulio mbali nasi kilomita ishirini na zaidi, na kwa Kifaransa chake huuita Sainte-Marie. Tena kila asubuhi Ishmael alikuja kunywa chai akiwa amelowa jasho.

Asubuhi iliyofuata nilimnyatia hadi gereji. Gurudumu la nyuma la baiskeli lilikuwa limeinuliwa kwenye stendi, naye alikuwa anakanyaga pedali bila kwenda popote. Mbele yake, kwenye simu, kulikuwa na video iliyosogea kadiri alivyokanyaga: bonde la milima ya Alps, ng'ombe, na barabara nyembamba isiyo na gari hata moja.

"Sainte-Marie ndiyo hii?"

"Ni kijiji huko mbele. Mimi na Ndikumana tungeenda mwaka jana, mipaka ikafungwa. Wewe ulidhani wapi?"

Niliangalia sakafu. "Kwa Ndikumana."

Alicheka mpaka akaacha kukanyaga. "Kumbe sista ni polisi."

"Zimebaki kilomita ngapi?"

"Saba."

"Zimezidi tano," nikasema, nikaenda kumletea taulo.