Mbele Kidogo

Miaka thelathini niliendesha basi la masafa marefu, na sikuwahi kusimama kwa sababu ya kibofu cha mtu. Abiria akiomba kujisaidia nilimjibu, "Vumilia, mbele kidogo," nikakanyaga mafuta.

Kisha nikapata saratani ya tezi dume. Mionzi iliiua saratani, ila ikakiunguza na kibofu changu, nikawa nakojoa damu kila robo saa. Daktari akaniandikia kuingia mara arobaini ndani ya tangi kubwa la chuma. Humo tunakaa wagonjwa sita wenye barakoa, tunavuta oksijeni saa mbili ili vidonda vipone. Mlango ukishafungwa, haufunguliwi mpaka presha ya hewa ishushwe taratibu.

Siku ya kwanza, dakika ya kumi tu, nilimnong'oneza nesi anayekaa nasi humo kwamba nimebanwa. Akanikazia macho.

"Dereva, mimi nilikaa kiti cha nane kwenye basi lako, na mimba ya miezi saba. Vumilia. Mbele kidogo."

Halafu akanipa chupa, maana yeye ana utu.

Mara ya thelathini na tano, nilimaliza saa mbili nzima bila kuomba chupa. Nilikuwa najipongeza kimoyomoyo nilipomwona nesi amebana magoti, anawaomba wa nje kwa simu ya ukutani waharakishe kufungua.

Naapa nilijitahidi kufunga mdomo, lakini mazoea yana taabu. Nikainua barakoa.

"Vumilia, binti yangu," nikasema. "Mbele kidogo."