Shavu la Bibi Adelia

Jumamosi asubuhi, kwenye klabu ya kulenga shabaha ya Corwin Mills, Ohio, Lois Stroud alikuwa akigeuza soseji jikoni wakati binamu yake Vernon alipoingia na bunduki ya babu yao. Jioni ile ingetundikwa ukumbini chini ya picha ya babu huyo, Orville, bingwa wa jimbo wa kuvunja visahani vya udongo angani. Kwanza ilibidi Merle, fundi bomba mwenye ndevu za kufika kifuani, athibitishe kuwa ndiyo yenyewe.

Merle aliikagua bila haraka. Mtutu mmoja, mrefu. Juu yake utepe wa chuma ulioinuliwa, wenye matundu ya kupitisha joto. Kufuli ya usalama haina wala haikupata kuwa nayo. Bunduki ya visahani hutiwa risasi zamu yako ikifika tu. Namba ya chini ya mtutu ilifanana na ya kwenye kitako. Ubavuni, mbwa wa kuchongwa kwa mkono.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ila kitako kifupi, tena kimepindishwa kwa mtu wa mashoto. Babu yako alikuwa jitu, na alitumia mkono wa kulia."

"Labda kimesinyaa," alisema Vernon.

Merle akaiweka kwenye bega la kushoto, akaegemeza shavu kwenye kitako. Ndevu za upande huo zikadondoka. Shavu likawa laini, la kike, lenye poda ya waridi na kidoti karibu na mdomo.

Lois alichungulia kutoka jikoni. "Kidoti cha bibi yetu Adelia hicho, mke wa babu. Usikikune, Merle."

"Orville alinibebea risasi tu," ikasema nusu ya mdomo wa Merle. "Wanawake hatukuandikishwa. Nilivaa koti lake likiburura chini, waamuzi wakaniita bwana. Yeye hata nzi kwenye uji asingempata."

Nusu nyingine ikaomba radhi. Kisha Merle akaenda uwanjani, akavunja kila kisahani kilichorushwa. Wenzake kuona vile, wakapanga foleni nao waegemeze mashavu. Kufika mchana, wanaume wa klabu walikuwa wakitafuna soseji kwa upande wa kulia, wasije wakaharibu poda.

"Sasa kombe la babu mtalichonga upya, liwe na jina la bibi?" Lois aliuliza.

"Acha chokochoko, Lois," alisema Vernon. Poda ilimkaa vizuri. "Watu wamelizoea jina."

"Na shavu pia mmelizoea, nawaona."

"Shavu ni jambo jingine."

Jioni bunduki ikatundikwa chini ya Orville. Vernon akasimama kumsifu babu: jicho lake, mkono wake usiotetemeka. Katikati ya hotuba machozi yakaanza kumtoka upande wa kushoto tu, yakachora njia kwenye poda. Lois akapita katikati ya viti, akampa karatasi ya jikoni.

"Jifute," alimnong'oneza. "Bibi analia."

Vernon akajifuta, akamshukuru, akaendelea na sifa za Orville mpaka watu wakapiga makofi.