Kompadre Haapishwi

Siku tuliyomtaka Mkorea aache ufunguo wa duka lake kwangu, Fausto hatukumtaka aache kitu. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu mengine yote yanatoka hapo, na kwa sababu watu wa mtaa wa 174 wamekwisha kuanza kulisimulia vingine.

Tulikuwa maduka matatu chini ya jengo moja, ukuta kwa ukuta. Kushoto duka la Fausto Peguero, mhamiaji wa Baní, kisiwani kwetu, kama mimi, baba wa ubatizo wa binti yangu Yanibel, na kwa hiyo kompadre wangu, nami komadre wake: mchele, salami, bia, mishumaa ya watakatifu. Katikati saluni yangu. Kulia mboga na matunda ya Bwana Noh, huyo Mkorea, na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Sanghun, kwa jina la mwanawe, kama walivyoitana wao kwa wao. Mikataba yetu ya pango ilikuwa inakwisha mwezi mmoja, Septemba ya mwaka themanini na tisa. Mwenye jengo, ambaye sijapata kumwona uso, akamtuma wakala wake na habari: kodi itakuwa maradufu, na atakayetaka nafasi kubwa zaidi aseme mapema.

Hilo la mwisho nililisikia vizuri. Kabla ya kushika kitana nilishona suruali kiwandani miaka mingi, na kiwandani nilijifunza kwamba tajiri akisema na watu watatu, maneno yake ya mwisho ni ya mmoja tu. Mwaka sabini na nne, tulipogoma, msimamizi alisema hivyohivyo: anayetaka kuwa mkuu wa safu aseme mapema. Asubuhi yake wakuu wa safu walikuwa wanne na mgomo umekufa. Majina yao ninayo mpaka leo. Mmoja alikuja saluni kusetiwa nywele kwa harusi ya mwanawe, hanikumbuki. Nikamseti vizuri, nikamgeuza kwenye kioo, nikamtajia siku na safu.

Jumatatu saluni haifunguliwi, basi nikawaita huko. Wakakaa chini ya madraya kama wateja. Nikawaambia hakuna atakayekwenda ofisini kwa wakala peke yake. Tutatia saini watatu kwa pamoja, kwa kodi tunayoiweza, au hatii mtu. Jengo lenye milango mitatu iliyofungwa halimlishi mwenyewe.

"Mimi niko na wewe, komadre, hilo unalijua," akasema Fausto. "Lakini huyu Mchina je?"

"Mimi si Mchina," akasema Noh kwa Kihispania chake cha sokoni. "Miaka saba nakwambia."

"Na mimi miaka saba nakusikia, bwana mkubwa. Mchina wa Korea."

Noh akacheka kidogo, mdomo umefumbwa.

Hofu yetu kwa Wakorea ilikuwa na sababu, ingawa haki haikuwa nayo. Kila mtu mtaani alikuwa na nadharia yake. Mteja wangu Nereida, ambaye ulimi wake haujawahi kukaa chini ya draya ukatulia, alikuwa akisema, "Wale hawalali, mama. Saa nane za usiku wako soko la jumla wanaminyaminya nyanya, sisi huku bado tunagonga domino." Akaja pia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, amebeba mashine ya kunasa sauti, anataka kujua kwa nini Wakorea wanapanda na sisi tumeketi. Nikamwambia akae, nikamweleza huku nafunga rola. Noh alifika hapa na shahada ya uhandisi na fedha za nyumba aliyoiuza Daegu. Mimi nilifika na sanduku la kuazima kwa shemeji. Yeye alikuta wenzake wameshatangulia: muuzaji wa jumla ni wao, kanisa ni lao, na upatu wao, wenyewe wanauita kye, ulikuwa wa familia arobaini. Ukimfikia mtu, anafungua duka. Na sisi tuna upatu, tunauita san, lakini ukimfikia mtu ananunua tiketi, au friji ya mama, au mabati. Upatu ni uleule. Kinachozunguka ndani ndicho tofauti. Halafu chetu chote kinarudi kwetu: nenda Baní utazame nyumba za watu wa mtaa huu, nondo zimeelekea mbinguni zinangoja ghorofa ya pili. Noh hana nyumba popote. Kila alicho nacho kiko kwenye matango.

"Kwa hiyo ni utamaduni?" akauliza mwanafunzi.

"Mwandike mwenye jengo kwanza," nikamwambia. "Anayelala na asiyelala wote wanamlipa yeye."

Akazima mashine.

Fausto alikuwa mlangoni siku hiyo, amevaa aproni. Hotuba hiyo alikuwa ameisikia mara nyingi, na kila mara aliuliza jambo moja. "Arobaini, komadre? Familia arobaini?" Kama mtoto anayetaka asimuliwe tena habari za zimwi.

Basi Jumatatu ile ni Fausto aliyetoa shauri la ufunguo. Mkorea aache kwangu ufunguo wa akiba wa mlango wake wa chuma. Akitusaliti, akatia saini peke yake, tutaingia tumfungie kwa kufuli letu, aone atawauzia nani hizo karoti. Noh akamtazama mkewe. Mama Sanghun akainuka. Akauchomoa ufunguo kwenye shada lililoning'inia kiunoni, akaenda mwenyewe kuutundika kwenye msumari chini ya picha ya Bikira wetu wa Altagracia. Kisha akageuka, akamwelekezea Fausto kidevu.

"Na yeye?"

Fausto akacheka. "Mama, mimi nimembeba binti wa huyu mpaka kwenye maji ya ubatizo. Kompadre haapishwi."

Na ndivyo ilivyo kwetu. Ndugu umezaliwa naye bila kuulizwa, lakini kompadre ulimchagua mbele ya madhabahu. Kumtaka rehani ni kumwambia kwamba maji yale yalikuwa ya bomba tu. Nikamjibu Mama Sanghun: "Huyu ni wa nyumbani."

"Kwetu," akasema, "tunaanza na wa nyumbani."

Nikadhani ni ubishi wa kutozwa ufunguo. Nikazima taa.

Wiki ile tulimlinda Noh kama polisi. Siku moja Nereida akaingia mbio kuniambia kwamba wakala yumo mle kwenye mboga, amekaa sana, na ametoka na mfuko wa mapeasi. Nikatoka na vibanio mdomoni. Watu walikuwa wamejaa dukani wananunua ndizi za kukaanga, na mbele yao wote nikamuuliza, "Amekupa nini?"

"Yeye? Hakunipa kitu," akasema Noh. "Mimi nimempa mapeasi."

"Mtu hampi adui matunda."

"Ameingia kwangu. Mgeni hatoki mikono mitupu."

"Alitaka nini?"

"Nitie saini. Nimemwambia ufunguo wangu uko kwako, Zunilda."

Watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Fausto, aliyenifuata mpaka mlangoni. "Mapeasi, komadre. Unamwona Mchina alivyo mjanja? Wewe mkodolee macho huyuhuyu. Huku kwangu usijisumbue."

Nikamkodolea.

Ilikuwa Jumanne, namfunga Nereida rola, alipoingia mtu mwenye utepe wa kupimia. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto, akauminya utepe wake pembeni ya kioo changu kikubwa.

"Bwana, umepotea?"

"Hapana, mama. Napima. Ukuta huu unaondoka."

"Nani amekutuma?"

"Mwenye supamaketi."

"Supamaketi gani?"

Akaonyesha kwa kidole gumba. Upande wa Fausto.

Sikumbuki kuvua aproni. Najua nilikuwa mbele ya kaunta yake, na Nereida nyuma yangu, rola nusu kichwa, kitambaa shingoni. Fausto alikuwa kwenye mashine ya kukatia salami.

"Kompadre, kuna mtu anapima ukuta wangu."

Hakusimamisha mashine. "Nilikuwa nikwambie Jumapili, baada ya misa."

"Uniambie nini?"

"Tutakaa, komadre. Usianze siasa mbele ya wateja."

"Wateja hawa wote nimewashika vichwa. Sema."

Akaipanga salami kwenye karatasi, kipande juu ya kipande, kwa uangalifu. "Wakala alisema, kama si mimi ni Mchina. Angeichukua saluni yako akajaza viazi. Nikaona afadhali ibaki kwa mtu wa nyumbani."

"Mchina alikataa. Ulikuwepo. Ulicheka."

"Leo amekataa. Kesho? Yule ana familia arobaini nyuma yake, wewe mwenyewe husemi kingine. Mimi nyuma yangu nina nani? Nina mama anayenipigia simu kila Jumamosi kuuliza ghorofa ya pili. Nimekusikiliza, komadre, kuliko unavyodhani. Wao wanapanda kwa sababu wanajitanua. Na mimi nimejitanua."

"Nilichosema ni tushikane."

"Ulisema mengi. Mtu huchukua linalomfaa."

"Na nywele zangu atanimalizia wapi, Fausto?" akauliza Nereida. "Ndani ya friji yako ya bia?"

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Fausto naye akatabasamu, akidhani mlango umefunguka. "Komadre nitampa kona. Kiti kimoja, pale karibu na mashine ya barafu. Kwa bei ya nyumbani."

"Ulitia saini lini?" nikamuuliza.

Akafunga karatasi, akaikunja pembe.

"Fausto. Lini?"

"Kabla ya mkutano," akasema. "Ningekwambia, ungefanya vurugu."

Kabla ya mkutano. Tulipokaa chini ya madraya, wino wake ulikuwa umeshakauka. Alipomtaka mwenziwe ufunguo, wake alikuwa ameuza na wangu juu yake. Na alipoturudia na lile neno la ubatizo, hakulitoa kwa hasira wala kwa haraka. Alilitoa kama mtu anayetoa chenji.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Langu lilinijua mpaka jina la ubatizo la mwanangu, na likala mpaka ukuta.

Nilikwenda kwa wakala. Akanitolea mkataba wa Fausto, saini yake ina mkia mrefu ninaoujua. Akaniambia kwa upole kwamba mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Nilimwambia ninayoyakumbuka kuhusu watu wa aina yake, tangu wanajeshi wa nchi hii walioshuka kwetu Santo Domingo mwaka sitini na tano wakisema wamekuja kulinda maisha yetu. Akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na muda.

Jioni nikauangua ufunguo kwenye msumari, nikaurudisha mlango wa pili. Noh alikuwa akinyunyizia majani maji. Akaupokea kwa mikono miwili, kama kawaida yao.

"Nilikuuliza maswali mbele ya watu," nikasema.

"Uliuliza," akakubali.

"Sasa mtafanyaje?"

"Tutalipa. Sasa tuko peke yetu, tutalipa anachotaka. Sanghun ataacha chuo mwaka mmoja, asimame hapa."

Ndivyo walivyofanya, wakatia saini kwa maradufu, na kijana aliyekuwa akisomea udaktari akavaa glavu za sufu akawa anapanga machungwa. Huyo mwanafunzi wa mashine hakurudi kuandika hilo, jinsi Wakorea wanavyopanda.

Mama Sanghun akatoka nyuma ya mizani. "Mwaka juzi," akasema, "mama mmoja wa kanisani alishika upatu wetu. Arobaini, wote. Akaenda nao Los Angeles. Alikuwa akiniita dada." Akaurudisha ufunguo kwenye shada la kiunoni. "Sasa anayeniita dada, yeye ndiye wa kwanza kuacha rehani. Nilitaka kukwambia siku ile. Kihispania changu kilikuwa hakitoshi."

Kilitosha. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu tayari.

Akanijazia mfuko wa mapeasi, nikaupokea, kwa sababu nilikuwa nimeingia kwake.

Siku ya mwisho tulitoa vioo. Nereida na wengine walibeba madraya mpaka kwa binamu yangu mtaa wa 181, ambako kuna nafasi ya kiti kimoja, hakiko karibu na barafu. Mafundi wa Fausto hawakutungoja tumalize. Walikuwa wameshatoboa, na kupitia tundu lile nilimwona akitoka na kuingia, nyusi nyeupe kwa chokaa ya ukuta wangu.

Yanibel akarudi kutoka shule. Ana miaka kumi, na kila siku ya maisha yake ya shule alipitia kwanza kwa baba yake wa ubatizo kuomba baraka, kama alivyofunzwa. Hakuna aliyemwambia asipite. Nikamsikia kupitia tundu.

"Baraka, padrino."

"Mungu akubariki, mwanangu," akajibu Fausto, palepale, bila kusita hata kidogo, kwa sauti ileile ya jana na ya juzi. Nikasikia kifuniko cha chupa ya peremende za mapera kikifunguliwa, kisha mashine ya salami ikarudi kazini.

Mtoto akatokea upande wangu, shavu limevimba, peremende nyingine mkononi kwa ajili yangu.

"Irudishe," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama tundu, akatazama vioo vilivyoegemezwa barabarani. Mtoto wangu si mjinga.

"Peremende au baraka?"

"Vyote viwili."

Akatema ya mdomoni kwenye karatasi yake, akaifunga, akaingia. Sijui alisema nini mle ndani, na hajapata kuniambia. Ila mashine ya salami ilinyamaza.