Baraza la Mawaziri la Uani

Nyumba ya jirani zangu ilikuwa na serikali yake, na serikali hiyo ilikuwa inataga.

Mume alikuwa fundi redio, mke mkunga mstaafu. Watoto wao walishaoa na kuolewa mbali, kwa hiyo wawili hao walibaki na mambo matatu tu ya kugombania: kuku, vitabu na habari za dunia. Ukuta wetu ni mmoja, tena mwembamba. Mtu akipiga chafya kwao, mimi naitikia kwangu. Ninayosimulia hapa nimeyasikia, na nisiyoyasikia nimeyaona kupitia tundu ambalo mpaka leo sijui nani alilitoboa.

Kila kuku alikuwa na wizara yake. Waziri wa Ulinzi alikuwa kuku mwekundu aliyekimbia hata jani likidondoka. Waziri wa Kilimo alifukua bustani na kula mbegu. Jogoo, mweupe pe, mzito kama mfuko wa saruji, ndiye aliyekuwa Rais, na Fundi alimpenda kuliko watoto aliowazaa. Jogoo huyo alilala chini ya meza ya kazi, katikati ya redio zilizotumbuliwa matumbo. Alfajiri wimbo wa taifa ukipigwa, Rais alipanda juu ya stuli na kuwika mpaka uishe. Akikosea, anaanza upya. Usiniangalie hivyo, nilimsikia kwa masikio yangu.

Sheria aliitunga Fundi mwenyewe, siku moja ya kicheko: anayetoka madarakani redioni, anaingia chunguni uani. Waziri wa Kilimo wa redioni alipostaafu kwa heshima zote, Mkunga alimwombea msamaha kuku wa wizara hiyo.

"Huyu hakufukuzwa, baba watoto. Kastaafu."

"Haijalishi katokea mlango gani," Fundi akasema, anapitisha kisu juu ya jiwe. "Sheria ni sheria."

Wakamla, wakacheka, wakalamba vidole.

Shida ilikuwa Waziri wa Maji. Kuku mdogo, mweusi, jicho moja. Mama yake alikanyagwa na pikipiki, Mkunga akamlea kifaranga ndani ya blauzi yake mpaka akaota manyoya. Kila mchana alipanda mapajani kwa Mkunga, akafumba jicho lake, akasomewa hadithi kwa sauti. Zilikuwa za mwanamke mmoja mtunzi wa riwaya za mapenzi. Mkunga alikuwa na vitabu vyake vyote, vingine vimesomwa hadi majalada yamebanduka. Fundi alikuwa mtu wa riwaya za upelelezi.

"Huyo mama mtunzi wako simwelewi," Fundi alimwambia. "Kitabu kizima mtu analishwa, anapambwa, anabembelezwa, kumbe ataachwa siku ya harusi! Mwandishi wangu hana mchezo. Ukurasa wa kwanza, maiti."

"Wako ana pupa," Mkunga akajibu bila kuinua macho. "Anaua kwanza, halafu ndiyo anaanza kutafuta sababu. Wangu sababu anayo tangu mwanzo. Anangoja tu."

"Anangoja nini?"

"Mtu ajisahau."

Tangu kuku yule aanze kukalia mapaja yale, Fundi alijadili siasa peke yake. "Umesikia bei ya mafuta, mama watoto?" anauliza. "Ngoja," anajibiwa, "tumefika mahali patamu." Tumefika! Yeye hakuhesabiwa. Mume wa ndoa, ana meno yake karibu yote, anapigwa kumbo na kuku chongo.

Basi mchana mmoja akajifungia kwenye chumba cha kazi. Kutoka humo alikuwa amevuta waya mpaka kwenye spika ya redio ya sebuleni. Taarifa ya habari ya saa saba ilipoanza, sauti nzito ya mtangazaji ikatangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wa Waziri wa Maji kuanzia leo. Mkunga alikuwa kwenye kochi, kuku mapajani. Jogoo, ambaye kawaida taarifa ya habari aliisikiliza akiwa chini ya redio, aliinuka, akainamisha kichwa upande, akaenda zake mpaka mlango wa chumba cha kazi. Akasimama pale, anaukwaruza kwa kucha.

Mkunga akamtazama jogoo. Akautazama mlango.

Fundi akatoka, anajifuta mikono kwa kitambaa. "Nilikuwa nachomea waya. Kuna habari gani?"

"Waziri wa Maji katenguliwa."

"Loo! Masikini!" Akakaa. "Lakini si unajua tena... Nikuchinjie?"

"Mikono hii imepokea nusu ya mtaa huu. Lete kisu."

Kuku alitulia mikononi mwake, jicho amelifumba. Alidhani anakwenda kusomewa.

Kwenye chakula Fundi aliongeza mchuzi. "Serikali tamu leo," akasema. Mkunga naye alikula sehemu yake, hakuacha hata shingo. Chozi hakuna.

Baada ya pale nyumba ikawa ya mapenzi mapya. Mkunga akawa anacheka utani wa Fundi hata usiochekesha. Bei ya mafuta wakaijadili mpaka ikawachoka yenyewe. Siku moja Waziri wa Maji akasikika redioni anazindua kisima. Fundi akakohoa. "Wamemrudisha kazini," akasema.

"Bahati yake," akajibu Mkunga, akaendelea kumchambulia jogoo mahindi. Maana jogoo sasa alilishwa na yeye: mahindi ya kuloweka, dagaa, makombo ya mkate. Rais akanawiri mpaka akawa hawezi kupanda stuli, akawa anawikia sakafuni.

Fundi alinifuata barazani kujisifu. "Mwanamke ni kama redio, jirani. Ukijua waya wa kukata, anatulia."

Nikamwambia mimi sijui mambo ya umeme.

Halafu ikaja ile taarifa ya saa saba, ya kweli. Rais amejiuzulu kwa sababu za kiafya. Mrithi wake ataapishwa leo leo: aliyekuwa Waziri wa Maji.

Fundi aliizima redio haraka, lakini mtaa mzima ulikuwa umefungulia. Habari iliingia kwa madirisha yote. Mkunga akatoka jikoni, kisu mkononi, sufuria la maji lipo motoni.

"Kajiuzulu," Fundi akasema. "Hakufukuzwa, mke wangu. Mgonjwa yule."

"Haijalishi katokea mlango gani."

"Mama watoto, sikiliza. Ile habari ya kuku wako haikuwa ya kweli. Niliisoma mimi, kule ndani. Ile sheria tuliivunja zamani, haipo tena."

"Najua uliisoma wewe."

"Umejua leo?"

"Nilijua pale pale. Mtoto wako alikufuata mpaka mlangoni. Anaijua sauti ya baba yake."

Fundi akakaa chini, sakafuni, karibu na jogoo. "Ulijua... na ukamchinja?"

"Nikamchinja. Na leo angekuwa Rais." Akamwekea kisu mapajani. "Ningemwacha hai, siku kama hii ungesema sheria ilikuwa utani. Sasa sema."

Fundi akakisukuma kisu kando. Jogoo, mwili umemwelemea, alijilaza kwenye paja lake na kudonoa kifungo cha shati.

"Mimi siwezi," Fundi akasema. Alikuwa analia.

"Basi shika miguu."

Akashika miguu.

Jioni niliwaona mezani. Mkunga alimpakulia paja lote, akakaa naye ana kwa ana, kitabu chake kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho. "Kula, baba watoto," akasema kwa upole. "Serikali inapoa."

Alfajiri wimbo wa taifa ukapigwa. Uani kimya, chini ya meza ya kazi kimya. Nikasikia kitanda kikilia upande wa pili wa ukuta, kisha sauti ya Mkunga, tulivu, kama anamwamsha mzazi aliyejifungua salama.

"Wewe. Amka. Zamu yako."

Halafu Fundi akawika. Alikosea, akaambiwa aanze upya.