Wimbi la Kalsiamu Navakholo

Ulimi huponza kichwa, lakini ulimi uliomponza Gentrix Shikanga haukuwa wake. Ulikuwa wa babake. Mzee Shikanga alisimama kwenye mizani ya miwa, mbele ya wakulima wenzake waliokuwa wakingoja trekta, akajigamba kwamba binti yake yuko chuo kikuu Nairobi na kazi yake kutwa ni kalsiamu. Hakusema ni hesabu. Angesema hesabu, watu wangepiga miayo na mambo yangeishia hapo.

Mwaka huo wa tisini na saba, kalsiamu ilijulikana Navakholo kwa mahali pamoja tu: picha ya ukutani kliniki ya akina mama, yenye glasi ya maziwa na mfupa mweupe. Senje Pascalia, dadake Mzee Shikanga, aliipata habari akiwa anachambua mboga, na mboga zilipoiva alikuwa na jibu. Mtu hashindi akitafuta kitu kutwa nzima isipokuwa kimempungukia. Kwa hiyo mtoto wa kaka yake ana mifupa mibovu, maskini. Akamwambia Mama Osiako, jirani wa nyuma ya ua, kwa nia njema kabisa. Mama Osiako naye si mtu wa kulala na siri.

Gentrix alipokuja nyumbani likizo ya Agosti, wanawake njiani walimpokea hata mkoba wa mkononi. Mmoja alimshika kiwiko wakati wa kuvuka kijito. Gentrix akaona watu wa kwao wamekuwa waungwana siku hizi, mpaka Phineas alipokuja na baiskeli, uso umemshuka.

Phineas Masinde alisimamia mashamba ya miwa ng'ambo ya kijito, na Gentrix alimpenda. Tuseme tu wazi: alimpenda mpaka akawa anakosea kujumlisha. Wazee wa kina Phineas walikuwa waje kuposa Jumamosi.

"Mama amesema wazee wangoje," Phineas akasema, akiangalia pedali. "Anataka kuja mwenyewe akuone kwanza. Amesikia utavunjika ukizaa."

Mama Rachael, mamake Phineas, alikuwa mjane aliyelea wanawe peke yake, na hakuna mzee ambaye angethubutu kuvuka kijito kwenda kuposa kama yeye hajakubali. Akikataa, basi, hakuna ndoa.

Gentrix alilia kidogo, halafu akaokota kijiti akaanza kuchora uani. Kazi yake ilikuwa hii. Ndani ya seli, zile chembe hai ambazo mwili umejengwa nazo, kuna vighala vya kalsiamu, na kila kighala kina mlango. Mlango mmoja ukifunguka, kalsiamu inamwagika na kumgusa jirani, naye anafungua, anamgusa anayefuata, hivyo hivyo mpaka wimbi limevuka seli nzima. Hata yai la mama, mbegu ikishaingia, huamshwa na wimbi kama hilo. Lakini mlango ukishafunguka huchoka, lazima upumzike. Ndiyo maana wimbi halirudi lilikotoka. Na mawimbi mawili yakikutana uso kwa uso yote hufa, kwa sababu kila moja linakuta milango iliyo mbele yake imeshachoka. Gentrix alikuwa ameyaandikia mambo hayo milinganyo, na kompyuta ya chuo ilikuwa imekubaliana naye.

Akautazama mchoro wake. Nyumba ni milango, umbeya ni kalsiamu. Kinachotakiwa ni wimbi la pili, kutoka upande wa pili.

Asubuhi akaenda sokoni kwa Navalayo muuza viazi, akamnong'oneza kwamba kuna watu wa Lugari, wenye trekta yao na mahindi yasiyo na mwisho, walikuja kumposa, naye akakataa. "Lakini usimwambie mtu, dada." Navalayo akaapa. Gentrix akarudi nyumbani akihesabu: mawimbi yatakutana kwenye mashine ya kusaga mahindi, na yatafia hapo.

Yakakutana kweli. Jioni Senje Pascalia akaja mbio, leso nusu inaburuta, akamkumbatia polepole kama anayebeba mayai.

"Pole, mwanangu. Kumbe hata wale wa Lugari walikukataa juu ya mifupa."

Gentrix akaketi chini. Mawimbi hayakufa, yalikuwa yameoana. Kosa lake akaliona papo hapo: katika milinganyo yake kila mlango huchoka, na hakuna popote alipomweka senje. Senje Pascalia alikuwa amesambaza ya mifupa, akapokea ya Lugari, akayashona pamoja, akapita nayo njia ileile bila hata kunywa maji.

Mama Rachael hakungoja Jumamosi. Alitokea uani Alhamisi na chupa ya maziwa na kopo la omena, vile visamaki vinavyoliwa na mifupa yake, zawadi za kumpelekea mgonjwa.

"Mulembe," akasalimu.

"Mulembe muno, mama," Gentrix akajibu, akipiga goti kidogo. Mama Rachael akalitazama lile goti likikunjwa mpaka likanyooka tena.

Senje akasema mgeni hawezi kuondoka bila kuchinjiwa ingokho, yaani kuku. "Basi ashike huyu," Mama Rachael akasema, akimwelekezea Gentrix kidevu.

Bahati mbaya ingokho yenyewe ilikuwa jogoo mwenye miguu mirefu ambaye hakuwa na mpango wa kufa siku hiyo. Akakatiza bustani ya mboga, akaruka ua. Gentrix naye akauruka, akaanguka ndani ya shimo la samadi kwa kishindo. Senje akafumba macho angoje mlio wa mifupa. Hakikusikika kitu isipokuwa jogoo, na Gentrix akatoka shimoni amemshika mguu.

Mama Rachael hakucheka, ingawa midomo ilimtetemeka. Maji ya obusuma, ugali wa kwao, yalipokuwa motoni alimwita Gentrix aketi karibu naye, amnyonyoe kuku hapo hapo.

"Sasa niambie. Hiyo kalsiamu unafanyanga nayo nini huko Nairobi?"

Gentrix akaacha kunyonyoa. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumuuliza. Si babake aliyejigamba, si Phineas aliyempenda. Akaeleza yote, vighala na milango, mpaka akaona haitoshi.

"Ni kama kigelegele, mama. Mmoja akipiga hapa, jirani anapokea, na wa ng'ambo anapokea. Wa kwanza hatoki uani kwake, lakini sauti inafika mbali."

"Inafika kweli?"

"Hesabu inasema inafika."

"Ngoja tuone."

Mama Rachael akajifunga leso vizuri, akasimama katikati ya ua, akapiga kigelegele kirefu. Mama Osiako akakipokea kabla hakijakatika. Kikashuka kijitoni, kikapanda ng'ambo, wanawake wakiacha majembe na kupokea tu kwa kuwa jirani amepokea. Kikaenda, kikaenda, kikawa chembamba. Gentrix alisimama na manyoya mikononi, machozi yakimlenga. Miaka yote alikuwa akiliona wimbi lile kwenye kompyuta. Hakuwahi kulisikia.

Nyuma yake Senje Pascalia, ambaye alikuwa ameshapiga chake, akapiga kingine.

"Senje, wewe umeshapiga. Unatakiwa kupumzika kwanza."

"Nipumzike kwa nini?" Senje akauliza, akapiga tena.

Hapo ndipo Gentrix alipokumbuka. Mama wa mvulana akipiga kigelegele katika ua wa kina msichana, maana yake ni moja tu: amekubali.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "watu wanajua uko hapa. Watadhani umenikubali. Na hilo wimbi haliwezi kurudishwa."

"Hata kwa hesabu?"

"Hata kwa hesabu."

Mama Rachael akamtoa unyoya uliomnasa kwenye nywele. "Mtoto wangu, mimi niliolewa huku kabla hujazaliwa. Unadhani sijui kigelegele kinafikanga wapi? Yale ya mifupa yalitoka kwa mdomo wa mtu. Haya nimetaka yatoke kwa wangu."

Gentrix aliinamisha kichwa akaendelea kunyonyoa jogoo.

Kabla obusuma haijasongwa Phineas aliingia uani na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Nimesikia mpaka ndani ya miwa," akasema akihema. "Nani amezaa?"

"Bado," mamake akamjibu. "Nawa mikono tule."