Damu ya Fito

Walimwita Pipa tangu darasa la pili, na aliyeanza kumwita hivyo alikuwa mama yake mzazi. Basi usishangae nyumba nzima ikafuata. Dada yake mkubwa alimkataza kukalia viti vipya vya plastiki, akamtengea kimoja cha chuma kilichokuwa na kutu. Mdogo wake Pipa, ambaye alikuwa mwembamba mpaka wakamwita Fito, alikuwa na mchezo wa kumgonga tumboni kila wanapopishana mlangoni. "Hodi, wenyewe wamo?" Wote wanaangua kicheko, na Pipa naye anacheka, maana asipocheka ataambiwa ana kisirani.

Mezani ndiko walikomkomesha hasa. Mama akishapakua, anaitazama sahani ya Pipa, kisha kijiko kinarudi, kinachukua kipande cha nyama na kukihamishia kwa Fito. "Huyu apunguziwe, yule aongezewe. Mwanangu atapeperushwa na upepo!" Na Fito, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, anaongezewa. Mchana kutwa alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, soda mkononi, sigara mdomoni, usingizi wenyewe wa kuibaiba. Alipenda mashati mapana, na chini ya mashati hayo alikuwa na kitumbo cha duara kama mtu aliyemeza bakuli. Lakini nani angekiona? Nyumba yenye Pipa haikuwa na nafasi ya tumbo jingine.

Pipa alikuwa mpakiaji kwenye yadi ya makontena. Miaka minne alibeba mizigo, na saa za mapumziko, wenzake wakijilaza kivulini, yeye alipanda juu ya kreni kujifunza kwa dereva mzee. Dereva alipokaribia kustaafu, Pipa akajaribiwa. Aliinua kontena, akalizungusha, akaliteremsha juu ya jingine bila kukwaruza hata rangi. Msimamizi akampa mkono. Kikabaki kitu kimoja tu, kipimo cha afya.

Kwenye kipimo hicho hawakuwa na mzaha. Kulikuwa na dereva kijana aliyeanguka kule juu, ndani ya kibanda cha kreni, mzigo ukining'inia juu ya vichwa vya watu. Tangu siku ile hapandi mtu kabla damu yake haijasomwa. "Unene wako haunihusu," msimamizi alimwambia, na yeye mwenyewe vifungo vya shati vilikuwa vinamlilia. "Wakubwa wanataka damu. Damu ikiwa mbaya, hakuna rufaa."

Pipa akanywea. Kwake yeye, damu ya mtu kama yeye haikuhitaji hata kupimwa. Ameambiwa tangu utoto kwamba ameoza, angejuaje vinginevyo?

Uzito, kiuno na presha walipimiwa palepale yadini. Damu ilitolewa kesho yake asubuhi, kabla ya kula, kwenye zahanati ya ng'ambo ya barabara. Pale foleni ilikuwa ndefu na nesi alikaa nyuma ya kidirisha. Anaita jina, mkono unapenya, sindano inaingia. Uso wa mtu hakuuona wala hakuutaka. Siku moja kabla ya zamu yake, Pipa alisimama pale akitazama mikono ikiingia na kutoka, akapata wazo.

"Kaka, yaani unataka damu yangu?" Fito aliuliza, mbavu hana. "Kumbe hata damu yako ina kitambi!"

"Vichupa viwili tu. Wewe huna kasoro."

"Mimi? Nitazame!" Akanyanyua mikono yake miembamba. "Damu safi kama maji ya mvua. Lakini nataka zile raba zako mpya."

Akapewa raba. Asubuhi ya kipimo, jina la Pipa lilipoitwa, mkono mwembamba ukapenya kidirishani, na nesi akafanya kazi yake.

Siku mbili baadaye daktari, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, akamwita Pipa chumbani na kufunga mlango.

"Kijana, damu hii imeniogopesha. Sukari iko juu. Mafuta mabaya yamejaa, yale mazuri ni haba. Ukijumlisha na kiuno, mwili umeshaharibu hesabu zake zote. Halafu kuna kiashiria cha uvimbe, kimepanda vibaya."

Pipa akajitazama miguu. "Sijavimba popote, daktari."

"Si uvimbe wa kuuona. Ni mishipa ndani. Inaungua taratibu, na mwenyewe husikii kitu. Ndivyo vijana wanavyoanguka na moyo, watu wanabaki kusema amerogwa. Majibu nimeshawapelekea yadini."

Kazi ikawa imekwenda. Lakini Pipa hakuwa akiifikiria kazi. Kama ya Fito iko hivi, yake je? Akaomba apimwe tena, sasa hivi, hapohapo, maana alikuwa hajala. Daktari alimtazama sana, akamtoa damu kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake alimpokea akiwa amefura.

"Sukari yako nzuri. Mafuta mazuri. Kiashiria kimetulia. Una hicho kiuno, na usipokipunguza kitakuja kukudai, lakini leo damu yako ni ya mtu mzima wa afya. Sasa niambie, mkono ule ulikuwa wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

"Mwembamba?"

"Kama fito."

Daktari akacheka, kicheko kikavu kisicho na huruma hata chembe. "Ungeleta damu yako, leo ungekuwa juu ya kreni. Msimamizi wako nimemweleza, na amesema mdanganyifu hamtaki hata kwenye upakiaji. Sasa kamlete mdogo wako. Huyo hana muda wa kuchezea."

Pipa alitembea mpaka nyumbani akiwa hajielewi. Alitaka kulia, alitaka kupiga mtu. Nyama zote alizonyang'anywa sahanini, kumbe walikuwa wakimwokoa yeye na kummaliza kipenzi chao. Akaapa moyoni kwamba hata hivyo atasema, maana damu ni damu.

Alimkuta Fito uani, amevaa zile raba. Akamweleza yote, neno kwa neno. Sukari, mafuta, mishipa inayoungua. "Twende kwa daktari, mdogo wangu, nakuomba. Twende leo."

Kwa muda mfupi macho ya Fito yalisimama. Aliogopa, Pipa aliona wazi kwamba ameogopa. Kisha dada yao akatokeza na beseni la nguo, na Fito akarudi kuwa Fito.

"Dada, njoo usikie maajabu! Pipa kanyimwa kazi kwa unene, sasa anasema mgonjwa ni mimi!"

Dada akaangusha beseni kwa kicheko. Mama akatoka jikoni na kijiko mkononi, akaelezwa, naye hakucheka.

"Huna haya," alimwambia Pipa. "Umeshindwa kuufunga mdomo wako, leo unamwapiza mwenzio magonjwa ya wazee? Mtoto hana hata nyama ya kuugulia!"

"Mama, ni damu yake. Muulize. Alinitolea."

"Mimi?" Fito akafungua macho kwa mshangao, mikono kifuani. "Kaka, tafuta uongo mwingine."

Akamgonga tumboni. "Hodi, wenyewe wamo?"

Safari hii Pipa hakucheka. Kitu kilikatika ndani yake, na hakikuuma hata kidogo.

Wakaketi kula chakula cha mchana. Mama akapakua, akaitazama sahani ya Pipa, kijiko kikaanza safari yake. Lakini Pipa alimtangulia. Aliinyanyua sahani yake mwenyewe, akaimimina yote kwa Fito, nyama, mchuzi na mafuta yaliyoganda pembeni.

"Kula, mdogo wangu. Ulivyokonda hivyo."

"Ee!" mama akasema, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Umeona? Ukitaka unaweza kuwa na akili."

Fito alimtupia jicho kaka yake, jicho la mtu anayetaka kuuliza kitu. Pipa akamtazama moja kwa moja, akatabasamu, wala hakusema. Alijua kwamba neno moja la upole wakati ule lingemtoa Fito pale mezani. Alikuwa nalo mdomoni. Alijisikia raha ambayo hajawahi kuijua katika nyumba ile.

Fito akainamisha kichwa, akafungua soda yake, akaanza kula.

"Mchuzi umepoa kidogo," alisema, mdomo umejaa.

Pipa akamsogezea chumvi.